JOSEPH FOURIER, MTOTO WA FUNDI WA KUSHONA (1768–1830)



Mwanafunzi anayetoka seksio yetu ya matematiki na fiziki, akipata diploma ya Leta na kuingia fakulte ya uinjenieri, atakutana huko na somo moja ambalo wengi wanaliogopa: somo la sinyali na sistemu. Sinyali ni kitu chochote kinachobadilika na kuleta habari: sauti inayoingia katika mikrofoni, umeme unaopita katika waya wa telefone, hata joto la mgonjwa ambalo muuguzi analiandika saa kwa saa. Sistemu ni kitu kinachopokea sinyali moja na kutoa ingine. Radio ni sistemu. Ukuta wa nyumba vilevile ni sistemu: unapokea jua mchana, na usiku unatoa joto ndani ya chumba wakati inje kumekwisha kupoa. Somo lote linauliza ulizo moja tu: nikijua kilichoingia, nitajua namna gani kitakachotoka?

Katika daftari za somo hilo kuna jina moja linalorudi karibu kila ukurasa, nalo ni Fourier. Seri ya Fourier, transformasio ya Fourier. Watu wanajifunza formula kwa moyo, wanapita mtihani, basi. Sisi tulipenda kujua huyu Fourier alikuwa mtu gani. Kumbe hakuona telefone wala radio maisha yake yote! Alikuwa akitafuta habari za joto, na neno kubwa alilolipata, wenye elimu wa wakati wake hawakulipokea. Alingoja miaka 15 ili kitabu chake kitoke.

Jean-Baptiste Joseph Fourier alizaliwa tarehe 21 Machi 1768 katika mji wa Auxerre, Ufaransa. Baba yake alikuwa fundi wa kushona nguo, na nyumba ilijaa watoto. Mama alikufa mtoto akiwa na miaka 9, na mwaka uliofuata baba naye akafa. Watu wa mji walimhurumia yatima huyu kwa sababu ya akili zake, na akapata nafasi katika shule ya kiaskari ya Auxerre, iliyoongozwa na watawa wa Kikatoliki. Kwanza alikuwa na fujo kidogo. Kiisha, alipofika miaka 13, matematiki ikamshika. Alipokuwa na miaka 14 alikuwa amemaliza vitabu sita vya Bézout, vitabu ambavyo vijana wakubwa walivitolea jasho. Inasimuliwa kwamba mchana aliokota vipande vya mishumaa iliyobaki, halafu usiku wenzake wakilala alijificha na kusoma. Wale wanafunzi wa internat wanaojua habari za kuzimiwa taa saa tatu watamwelewa bila maelezo.

Alitaka kuwa ofisa wa mizinga, maana katika jeshi la Ufaransa askari wa mizinga walihitaji hesabu. Walimkataa. Sababu si akili, wala si afya. Sababu ilikuwa ukoo: kazi ile ilikuwa ya watoto wa mabwana wakubwa, na yeye alikuwa mtoto wa fundi wa kushona. Basi mwaka 1787 akaingia nyumba ya watawa ya Saint-Benoît-sur-Loire kujitayarisha kuwa mtawa. Huko alifundisha wengine, na wakati huohuo aliandika juu ya ekwasio. Mwaka 1789 aliondoka kabla ya kuweka nadhiri, akaenda Paris kusoma kazi yake mbele ya Akademia ya sayansi. Mwaka huo ndio mapinduzi ya Ufaransa yalianza.

Mapinduzi yale yaliahidi kwamba ukoo hautahesabika tena, na si ajabu kijana kama Fourier aliyapenda. Alirudi Auxerre kufundisha katika shule yake ya zamani, na mwaka 1793 aliingia komite ya mapinduzi ya mji. Lakini komite zile zilianza kula watu. Fourier alipotetea watu fulani waliokuwa wakisumbuliwa huko Orléans, yeye mwenyewe akaonekana adui. Mwezi wa Julai 1794 walimkamata. Siku zile mtu aliyefungwa aliweza kukatwa kichwa kesho yake bila kesi ndefu. Lakini tarehe 28 Julai aliyekatwa kichwa ni Robespierre, mkubwa wa mapinduzi mwenyewe, na wafungwa wengi walifunguliwa. Fourier alitoka hai. Kama siku zingegeuka kidogo tu, somo la sinyali lingengoja mtu mwingine.

Mwaka 1795 Leta ilifungua Paris shule ya kutayarisha walimu, École Normale, na Fourier alichaguliwa kuingia. Waliomfundisha walikuwa Lagrange, Laplace na Monge, watu watatu wakubwa kabisa wa matematiki Ufaransa. Tuyashike majina haya, tutakutana nayo tena. Kiisha alifundisha katika shule mpya ya wainjenieri, École Polytechnique, na mwaka 1797 akachukua kiti cha Lagrange.

Mwaka 1798 Jenerali Bonaparte alikwenda kupiga vita Misri, na pamoja na askari alichukua wenye elimu wengi. Fourier alikuwa mmoja wao. Huko Kairo alikuwa sekretere wa Institut d'Égypte, na alishughulika na barua, mapatano, na vitu vya kale. Alirudi Ufaransa mwaka 1801 akitumaini kufundisha tena. Bonaparte alimwazia kazi ingine: akamfanya prefe wa Isère, kule Grenoble karibu na milima ya Alpes. Wanafunzi wasicheke, huyu si prefe wa masomo anayetusomea matokeo mwisho wa mwaka. Prefe wa Leta ya Ufaransa ndiye mkubwa wa jimbo zima. Fourier alikausha mabwawa ya Bourgoin yaliyoleta homa, baada ya kupatanisha vijiji vingi vilivyogombana juu ya mashamba yale. Tena alisimamia barabara ya kutoka Grenoble kwenda Turin. Na kwa meza yake ileile, karatasi za kodi na barabara zikiwa upande mmoja, upande wa pili alikuwa na hesabu za joto.

Hapa tunaomba msomaji asiruke, kwa sababu hapa njo kuna kazi yenyewe.

Fourier aliuliza hivi: ukipasha moto upande mmoja wa chuma, joto linatembea namna gani? Alitumia pete ya chuma, akaipasha moto mahali fulani, akapima joto mahali mbalimbali kuzunguka pete wakati inapopoa. Kanuni ilikuwa rahisi kusema: kila mahali panapokea joto kutoka kwa jirani mwenye moto zaidi na kulitoa kwa jirani aliyepoa zaidi. Lakini kuihesabu haikuwa mchezo, kwa sababu mwanzoni joto lilikuwa limekaa ovyoovyo, huku kali, huku bule.

Njia yake ilikuwa hii. Tuseme joto kuzunguka pete linapanda mara moja na kushuka mara moja, kwa umbo la sinusi safi. Hapo hesabu ni nyepesi: linabaki na umbo lilelile, ila linapungua polepole. Kama sinusi inapanda na kushuka mara mbili, nayo inabaki umbo lake, lakini inapungua kwa mwendo wa mara 4. Ile inayopanda mara tatu, mara 9. (Tunaacha kando joto linalopotea hewani.) Basi Fourier akasema: tuchukue joto lile la ovyoovyo, tuligawanye kuwa jumla ya sinusi, ya kwanza, ya pili, ya tatu, kila moja na kipimo chake. Tuache kila sinusi ipungue kwa mwendo wake. Kiisha tujumlishe tena. Jumla ile ndiyo joto la kesho.

Yeyote aliyekwisha kuona pete ile ikipoa ataona ukweli wake. Mabadiliko madogomadogo ya haraka yanakufa kwanza, na mwishoni kunabaki sinusi moja pana. Injenieri wa leo angesema kwamba pete ile ya chuma ni filtri: inazuia sinusi za haraka na kuacha za polepole. Na angesema sistemu nyingi zinafanya vilevile. Ukiingiza sinusi, inatoka sinusi yenye frekansi ileile, imeongezwa au imepunguzwa, imecheleweshwa kidogo, lakini haikuwa kitu kingine. Kwa hiyo ukijua sistemu inafanya nini kwa kila sinusi, umejua itafanya nini kwa sinyali yoyote. Ulizo tulilolitaja mwanzo limepata jibu.

Lakini Fourier alikwenda mbali zaidi ya pete. Alidai kwamba umbo lolote, hata lenye pembe kali na mruko, linaweza kuandikwa kama jumla ya sinusi na kosinusi. Tarehe 21 Desemba 1807 kazi yake ilisomwa mbele ya Institut de France huko Paris. Wachunguzi walikuwa wanne: Lagrange, Laplace, Monge na Lacroix. Lagrange alikataa kabisa. Ugomvi huu ulikuwa wa zamani. Tangu mwaka 1753 Daniel Bernoulli alikuwa amesema kitu kama hicho juu ya uzi wa kinanda unaotetemeka, na Euler na d'Alembert hawakukubali. Lagrange aliwaza: sinusi ni laini, haina pembe, ukijumlisha vitu laini utapata wapi pembe? Kazi haikupigwa chapa.

Sisi hatuoni kwamba Lagrange alikuwa mpumbavu au mwenye wivu, kama wengine wanavyopenda kusimulia. Ulizo lake lilikuwa la kweli. Msomaji mwenye jedwali la sinusi ajaribu mwenyewe. Chukua sinusi ya pembe, ongeza sinusi ya pembe mara 3 igawanywe kwa 3, ongeza ya mara 5 kwa 5, ya mara 7 kwa 7, ya mara 9 kwa 9. Kwa digrii 90 utapata karibu 0,83. Kwa digrii 30 utapata karibu 0,75. Endelea na 11, 13, 15, na kuendelea, na utaona mahali pote pawili panakimbilia hesabu moja, 0,785, ambayo ni π igawanywe kwa 4. Maana yake mstari unanyooka, unakuwa kama ukuta uliosimama na dari iliyolala, na umetoka kwa sinusi tupu! Fourier alikuwa na haki. Lakini karibu na ule ukuta kunabaki nundu ndogo, karibu asilimia 9 ya mruko wote. Hata ukijumlisha sinusi elfu haiondoki. Inakuwa nyembamba tu na kusogea kwenye ukuta. Basi aliyeogopa pembe hakuogopa bule. Na Fourier mwenyewe hakuweza kueleza kwa ukamilifu lini jumla yake inafika na lini haifiki. Aliyeeleza masharti hayo vizuri ni kijana Mjerumani, Dirichlet, aliyemfahamu Fourier huko Paris. Alifanya hivyo mwaka 1829.

Institut ilitoa ulizo la mashindano la mwaka 1811, nalo lilihusu joto katika vitu vigumu. Fourier aliongeza kazi yake na kuituma. Alipewa zawadi, lakini wachunguzi, Lagrange na Laplace wakiwa tena kati yao, waliandika kwamba njia yake ilikuwa bado na upungufu. Ni kama mwanafunzi anayepewa nafasi ya kwanza katika kalasi, halafu mwalimu anaandika chini ya karatasi kwamba hakuridhika. Na kazi haikupigwa chapa mara hii pia. Jambo hilo lilimchoma Fourier, na aliendelea kuwa prefe wa milimani, mbali na Paris.

Siku zile huko Grenoble aliwafahamu ndugu wawili, na mdogo wao alikuwa mtoto wa shule, Jean-François Champollion, aliyependa sana habari za Misri. Prefe alikuwa na vitu alivyoleta kutoka kule. Mtoto yule ndiye aliyekuja kufungua maandishi ya Wamisri wa kale mwaka 1822, akaweza kuyasoma. Prefe mmoja mwenye kazi nyingi, na vitu viwili vikubwa vikatoka katika mji wake.

Mwaka 1815 Bonaparte, aliyekuwa amekwisha kuwa kaisari Napoleon na kufukuzwa, alirudi kutoka kisiwa cha Elba, na njia yake ikapita Grenoble. Fourier alikuwa amemwapia mfalme. Alitoka mjini. Napoleon alikasirika, kiisha akamfanya prefe wa Rhône kule Lyon. Fourier hakukaa hata miezi mitatu, akaacha kazi. Napoleon alipoanguka kabisa, Fourier hakuwa na mshahara wala rafiki katika serkali. Aliyemwokoa ni mwanafunzi wake wa zamani, Chabrol, aliyekuwa prefe wa Seine: alimpa kazi katika ofisi ya takwimu ya Paris. Mwaka 1816 Akademia ilimchagua na mfalme akakataa. Mwaka 1817 ikamchagua tena, na mfalme akanyamaza.

Mwaka 1822 Fourier akawa sekretere wa daima wa Akademia, na mwaka huohuo kitabu chake juu ya joto kikatoka, Théorie analytique de la chaleur. Ilikuwa imepita miaka 15 tangu ile siku ya Desemba. Lagrange na Monge walikuwa wamekufa. Akiwa sasa mwenye funguo, aliingiza na ile kazi ya 1811 katika vitabu vya Akademia.

Kitabu kile kilitembea kuliko alivyofikiri. Mwaka 1854 William Thomson wa Scotland aliona kwamba umeme katika kabo ndefu chini ya bahari unafuata ekwasio ileile ya joto katika chuma. Mabadiliko ya haraka yanakufa njiani, na alama za telegrafu zinavimba na kuchanganyika. Mwaka 1858 kabo ya kwanza kati ya Ulaya na Marekani ilifanya sawasawa hivyo: salamu za malkia wa Uingereza, maneno 98, zilichukua saa 16 kuvuka, na baada ya majuma machache kabo ikafa. Telefone nayo, kwa kawaida yake ya zamani, inapitisha frekansi za 300 mpaka 3.400 tu kwa sekunde. Sauti ya mwanaume mzito inaanzia chini ya hapo, na hata hivi tunamtambua baba kwenye telefone, kwa sababu sikio linaikamilisha kutoka kwa zile zilizofika.

Na kwetu? Laini ya umeme inayotoka Inga kwenda Kolwezi, kilometa 1.700 hivi, inachukua umeme usiogeuka. Mashine za Inga zinatoa sinusi ya mara 50 kwa sekunde. Kwenye kituo inakatwa na kunyooshwa, na kule Kolwezi inakatwa tena ili irudi kuwa ya kugeuka. Kukata kule kunaacha sinusi zingine ambazo hazikuitwa, za mara 11, mara 13, yaani 550 na 650 kwa sekunde, na vituo vya namna hii vinawekewa filtri za kuzizuia. Injenieri anayehesabu filtri hizo anatumia kalamu ya Fourier, hata kama hamtaji.

Tangu Misri, Fourier aliteswa na baridi. Alivaa nguo nzito hata wakati wa jua, na chumba chake kilikuwa na moto mpaka wageni walishindwa kukaa. Mtu wa joto hakuweza kupata joto! Tena aliandika, mwaka 1824, juu ya joto la dunia nzima, na namna hewa inayotuzunguka inavyosaidia kulishika lisitoroke.

Mwezi wa Februari 1830 kijana mmoja wa miaka 18, Évariste Galois, alituma kwa Akademia kazi juu ya ekwasio, ili aingie mashindano. Sekretere Fourier aliichukua nyumbani kuisoma. Tarehe 16 Mei 1830 Fourier alikufa Paris, akiwa na miaka 62, na kati ya karatasi zake ile ya Galois haikuonekana. Kijana hakupata jibu. Aliuawa kwa risasi mwaka 1832, na kazi zake zilipigwa chapa mwaka 1846.

Fourier alizikwa katika makaburi ya Père-Lachaise, Paris. Mwaka 1832 wakamleta na Champollion katika makaburi hayohayo.